UZI: Daftari la klorini lililoandikwa 0.5 kwa siku 11 bila kupimwa, na kilichotupata kwenye skimu yetu ya mserereko Kigoma

Fundi Mserereko (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi nimeuahirisha tangu mvua za mwaka juzi. Mara mbili nimeuandika nikaufuta. Leo nauweka kwa sababu juzi kijana mmoja, fundi wa skimu ya jirani, alinipigia simu usiku akaniuliza: "Kaka, vidonge vya kupimia vimeisha, niandike ngapi?" Sikulala.

Mimi ni fundi wa skimu ya maji huku nyanda za juu za mkoa wetu, kati ya Kasulu na Buhigwe. Kijiji sitakitaja, watu wake hawajaniruhusu. Maji yetu ni ya mserereko. Chemchemi iko mlimani, maji yanaingia kwenye chemba ya kukusanyia, yanashuka kwa bomba hadi tenki la lita 50,000, na kutoka hapo yanagawanyika kwenda vilula 14 vya kuchotea maji katika vitongoji vinne. Hatuna pampu, hatununui dizeli, hatudaiwi umeme. Wenzetu wa mikoa ya ukame wakisikia hivyo wanatuona tumebarikiwa, na kweli tumebarikiwa.

Ila baraka hiyo ndiyo iliyotulaza usingizi. Maji ya chemchemi ni meupe, ya baridi, matamu. Ukisema yatiwe dawa, mtu anakuona umemtukania mlima wa babu yake.

Pale juu ya tenki tuna pipa la plastiki lenye koki ndogo, dawa inadondoka tone kwa tone kwenye maji yanayoingia. Kila asubuhi nakoroga klorini ya unga, nasawazisha matone, halafu nazunguka na kipimo sehemu tatu: kwenye tenki, shuleni, na kilula cha mwisho kabisa bondeni. Kipimo chenyewe ni kikopo kidogo. Unajaza maji, unatia kidonge cha DPD namba 1, unatikisa. Maji yakigeuka rangi ya waridi kuna klorini, na unalinganisha na rangi zilizochorwa pembeni upate namba. Yakibaki meupe hamna kitu. Ni kazi ya dakika moja. Lengo letu ni miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini huru (ile inayobaki bila kutumika) kwa lita pale mtu anapochotea.

Mwezi wa tatu vidonge viliisha. Nikaomba, nikaambiwa nisubiri. Daftari lina safu zake na tarehe zake, na kila mwisho wa mwezi linakaguliwa. Nikaandika 0.5. Kesho yake nikaandika 0.5. Wala sikuona kama nasema uongo, maana dawa nilikuwa naitia kweli, na 0.5 ndiyo namba niliyozoea kuikuta pale kwenye tenki. Nikaijaza safu zote tatu, mpaka ya bondeni. Siku 11.

Siku ya tisa watoto wa kitongoji cha bondeni wakaanza kuharisha. Watoto saba na bibi mmoja ndani ya siku mbili. Muuguzi wa zahanati akapanda pikipiki akanifuata mpaka nyumbani, akaniomba daftari. Akaliweka juu ya kiti cha pikipiki, akalifungua, akashusha kidole kwenye safu ya kilula cha mwisho: 0.5, 0.5, 0.5, 0.5. Kidole kikafika chini. Akafunga daftari akasema, "Basi maji yako sawa, asante fundi. Ngoja nikafuatilie chakula cha msibani."

Alinishukuru, wakuu. Akawasha pikipiki akaenda kuwahoji kina mama waliopika ubwabwa wa matanga. Siku mbili nzima watu wanahojiana kuhusu sufuria, wengine wanaanza kutazamana vibaya, na huku bondeni watoto wanaendelea kunywa.

Siku ya 11 nilishindwa. Nikaenda Kasulu mjini nikaazima vidonge 20 kwa fundi mwenzangu. Nilipima jioni ile ile. Kwenye tenki 0.1. Shuleni rangi ilikuwa kama hakuna. Bondeni maji meupe pee, nikapima mara tatu.

Tatizo la kwanza lilikuwa koki ya pipa. Klorini ya unga ina masimbi yanayotuama, yanaganda kwenye koki kama chokaa. Asubuhi nikiikoroga matone yanatoka vizuri, nikiondoka saa moja baadaye yamekatika. Nikaizibua, nikaisafisha kwa siki, nikainua mdomo wa kutolea dawa ukawa sentimita kadhaa juu ya masimbi. Kesho yake tenki 0.6, shule 0.4. Bondeni bado sifuri.

Ndipo nikaanza kuifuata laini kwa miguu. Kati ya shule na bondeni bomba linapanda mgongo mdogo wa kilima, na pale juu kuna valvu ya hewa ndani ya chemba ya zege. Nikainua mfuniko. Chemba imejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, valvu imezama yote, na juu yake zinaelea mbolea za mbuzi. Tundu la kutolea maji limezibwa na udongo, na mita chache juu ya chemba kuna zizi.

Mtu atauliza, maji machafu yanaingiaje kwenye bomba lenye presha? Presha ikiwepo hayaingii. Ila mimi usiku nilikuwa nafunga tenki ili lijae. Watu wa bondeni wakifungua kilula saa kumi alfajiri, maji yaliyobaki kwenye bomba yanashuka, na pale juu mgongoni bomba linaanza kuvuta. Valvu ya hewa imetengenezwa ivute hewa wakati kama huo. Yetu ilikuwa imezama, kwa hiyo ilivuta ile chai. Na klorini kidogo iliyofika hapo ilikuwa inamalizikia kwenye uchafu.

Watoto wote walipona, Mungu mkubwa. Walipewa ORS na zinki, wawili walilazwa. Nilimfuata muuguzi nikamwambia ukweli, halafu nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikausema tena mbele ya wale kina mama wa ubwabwa.

Baada ya hapo tulifanya ukarabati, nitaueleza chini. Ila badiliko kubwa ni neno moja tuliloliruhusu kwenye daftari: SIJAPIMA. Siku ukikosa vidonge, ukiugua, mvua ikikuzuia, unaandika hivyo, na hakuna wa kukugombeza. Namba ya uongo inamdanganya muuguzi. "Sijapima" inamwambia aanzie kwenye maji.

Karibuni. Najua humu kuna mafundi wenzangu.

---

Mwambao wa Ziwa

Naweka kambi hapa. Mkuu, kukiri kwako mbele ya mkutano kumenigusa.

---

Mzee wa Kalinzi

Vijana, mimi nina miaka 71. Nimekunywa maji ya mlima tangu naachishwa ziwa, na baba yangu alifika 90. Hiyo dawa yenu inanuka, chai inabadilika ladha, na huku tunasikia inaharibu uzazi. Linda mlima, acha maji yalivyo.

---

Fundi Mserereko

Mzee wangu, shikamoo.

Kwenye kulinda mlima nakubaliana nawe kabisa, na hata sheria iko upande wako. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na sisi kijijini tumeitumia mita 60 hiyo hiyo kuizunguka chemchemi. Tumepanda miti ya asili, tumechimba mfereji wa kukinga maji ya mvua upande wa juu, tumeweka uzio. Kahawa ya mtu iliyokuwa ndani ya eneo ilihamishwa kwa makubaliano, kwa sababu ya dawa za kupulizia.

Lakini tazama kilichotukuta. Chemchemi ilikuwa safi, uchafu uliingilia njiani. Zamani baba yako alichota pale pale mlimani kwa kibuyu. Leo maji yanasafiri kilomita nyingi chini ya mashamba, njia za mbuzi na vyoo kabla ya kufika kwenye ndoo ya mjukuu. Klorini kidogo inayobaki ndani ya maji ni mlinzi wa safari hiyo.

Kuhusu uzazi: Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5 za klorini kwa lita ya maji ya kunywa kwa mtu anayekunywa maisha yake yote. Sisi tunalenga 0.5 kushuka chini, sehemu ya kumi ya ukomo huo. Harufu ni kweli ipo, sitakubishia. Ukiweka maji kwenye chombo safi chenye mfuniko mpaka kesho yake, harufu inapungua sana. Kijijini kwetu wanaichukia harufu siku za mwanzo, halafu siku ikikosekana wananipigia simu.

---

Kipimo44

Nimefanya kazi ya maabara ya maji kwa muda mrefu, niongezee.

Watu wengi wana cheti cha maabara kimetundikwa ukutani ofisini na wanaamini maji yao ni salama. Cheti kinaongelea chupa moja, kilula kimoja, siku moja. Ukisoma tarehe mara nyingi utakuta ni kiangazi, barabara nzuri, gari limefika. Maji yanachafuka masika, barabara ikiwa tope na gari halifiki. Ndiyo maana kipimo cha fundi cha kila siku hakiwezi kufidiwa na cheti.

Tukija kuchukua sampuli, msitupeleke kwenye kilula cha ofisini. Tupelekeni kilula cha mwisho, tena chenye malalamiko. Na mtuangalie tunavyofanya, muwe wakali: koki ifutwe na kuchomwa kwa moto wa spiriti kama ni ya chuma, maji yaachwe yatiririke, chupa isisuuzwe kwa sababu ndani ina dawa ya kuua klorini (tusipoiua, itaendelea kuua vijidudu njiani na matokeo yatadanganya). Chupa iingie kwenye boksi la barafu, ipimwe mapema, isipite saa 24.

Kwenye maabara tunachuja mililita 100 kupitia karatasi yenye matundu madogo kuliko bakteria, tunaiweka juu ya chakula chao, tunaiacha usiku kucha kwenye joto la nyuzi 44. Asubuhi ukifungua unakuta vidoa vya njano, kila kimoja kimetokana na kijidudu kimoja. Nimewahi kuita mwenyekiti wa kijiji aje ahesabu mwenyewe. Alipofika kwenye kidoa cha 40 aliacha kuhesabu, akauliza klorini inauzwa wapi. Kiwango kwa E. coli, bakteria wa kinyesi, ni sifuri ndani ya hizo mililita 100.

Jambo la mwisho. Maji yakiwa na tope, klorini inamalizwa na tope. Ukipita NTU 5 (NTU ndiyo kipimo cha tope) usitegemee dawa. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakabadilika rangi, funga yasiingie kwenye tenki, yaache yamwagike nje mpaka yatulie.

---

Mhazini wa Jumuiya

Nimesoma yote kama mtunza fedha wa chombo chetu cha maji, na naona mmeruka jambo langu. Pesa. Hapa kwetu ndoo ni shilingi 50, na hiyo 50 inalipa fundi, koki zinazoibwa, bomba linalopasuka barabara ikichongwa. Nikipeleka bajeti ya klorini kwenye mkutano naulizwa, "Mserereko nao unahitaji pesa gani?" Fundi, dawa yenu inagharimu kiasi gani kwa mwezi?

---

Fundi Mserereko

Dada, swali lako ndilo nililolipeleka mkutanoni kwa kilo, bila kutaja shilingi kwanza, kwa sababu bei inabadilika.

Chanzo chetu kiangazi kinatoa kama lita moja kwa sekunde. Kwa siku ni lita 86,400, yaani ndoo 4,320 za lita 20. Tunaweka miligramu 2 kwa lita. Hiyo ni gramu 173 za klorini kwa siku. Unga wetu una nguvu ya asilimia 65, kwa hiyo napima gramu 266. Pipa la kilo 45 linatupeleka miezi mitano na nusu. Gawanya bei ya pipa mliloulizia kwa ndoo zote za miezi hiyo mitano na nusu. Sisi tulipogawanya, kila ndoo ilibeba kiasi kidogo mno, chini hata ya shilingi moja. Mkutano ulinyamaza, halafu mama mmoja akasema, "Kumbe?"

Hiyo 2 hatukuiokota hewani. Tuliipata kwa ndoo nne za plastiki za lita 20. Unatengeneza maji ya dawa ya asilimia 1: gramu 15 za unga kwenye lita moja ya maji. Ndoo ya kwanza unatia mililita 2 kwa bomba la sindano, ya pili 3, ya tatu 4, ya nne 5. Koroga, funika, subiri nusu saa, pima zote. Ndoo itakayokuachia karibu na 0.5 ndiyo kipimo chako. Yetu ilikuwa ya mililita 4, maana yake miligramu 2 kwa lita. Masika tunarudia, kwa sababu maji yanabadilika.

Vidonge vya DPD visisahaulike kwenye bajeti. Watu wananunua dawa wanasahau kipimo, mimi ni shahidi.

Na tahadhari kwa mafundi wapya: unga unaingia kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya unga. Vaa glavu na miwani. Uhifadhi pakavu, mbali na mafuta, mbali na dizeli, na usiununue wa miaka mingi kwa kuwa unapoteza nguvu ukikaa.

---

Nguruka Line

Naomba kueleweshwa. Nani hasa anatuwajibisha sisi wa vijijini? Wengine wanasema EWURA, wengine wizara, wengine bonde. Tumechanganyikiwa.

---

Mdau wa Sheria

Kwa kifupi, mkuu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya 2019, ndiyo iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, ambayo ilianza kazi Julai 2019. Maji ya vijijini yako chini yake, na nyinyi mnaendesha skimu kama chombo cha watoa huduma ngazi ya jamii, hiyo CBWSO. RUWASA ndiyo inayosajili na kusimamia vyombo hivyo. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inadhibiti mamlaka za maji za mijini, kama ya Kigoma au ya Tabora.

Bonde ni jambo jingine: linashughulika na chanzo chenyewe. Kuchota maji kwenye chanzo kwa ajili ya skimu kunahitaji kibali cha kutumia maji chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009, na kwa upande wenu kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Kiwango cha ubora wa maji ya kunywa ni cha TBS, shirika la viwango, namba yake TZS 789.

Ila mnisikilize. Katika hizo taasisi zote hakuna hata moja inayolala kwenye tenki lenu. Msimamizi wa kila siku ni yule mwenye daftari.

---

Mwambao wa Ziwa

Fundi, ulipoandika 0.5 nimeshtuka, kwa sababu namba hiyo hiyo iliwahi kuua watu mbali sana na hapa.

Kuna mji mdogo Canada, jimbo la Ontario, unaitwa Walkerton. Watu kama 5,000. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, kinyesi cha ng'ombe kikaingia kwenye kisima kimoja cha mji kilichokuwa karibu na shamba. Watu 7 walifariki, karibu 2,300 waliugua, wengine figo zao ziliharibika. Serikali ikaunda tume chini ya Jaji Dennis O'Connor. Tume ikakuta waendeshaji wa maji walikuwa na mazoea ya miaka ya kuandika klorini 0.5 au 0.75 bila kupima. Na wagonjwa walipoanza kufika hospitali, watu wa afya walipopiga simu kuuliza, waliambiwa maji yako salama. Wakaanza kutafuta kwenye chakula.

Kama ubwabwa wenu wa matanga, mkuu. Nchi tajiri, maabara kila kona.

Na sisi wa mwambao hatuhitaji kwenda mbali. Mei 2015 nilikuwa Kagunga, kule mpakani, wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni maelfu kwa maelfu, vyoo hakuna, maji ni ziwa hilo hilo. Kipindupindu kiliingia. Wagonjwa walifika 3,000 na zaidi ya watu 30 walikufa, wakimbizi na wenyeji. Ziwa Tanganyika ukilitazama mchana unaona mpaka kokoto za chini. Watu walikuwa wanachota hapo hapo wakiona uangavu huo.

Baadaye nilifanya kazi ya maji kambini Nyarugusu. Asubuhi kabla ya chai tulikuwa tunapima bombani, halafu tunamfuata mama mpaka nyumbani tunapima ndani ya ndoo yake. Bombani 0.5, ndani ya ndoo chafu jioni hakuna kitu. Kwa hiyo wanaotoa huduma msiishie kwenye koki, tazameni na ndoo.

---

Mnyamwezi wa Sikonge

Wakuu wa Kigoma, na sisi wa Tabora mtusaidie. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, Nzega na Igunga, lakini kijijini kwetu tuna kisima kirefu na pampu ya sola. Maji yana kutu, nguo nyeupe zinageuka rangi. Tunatia klorini na hatuioni kwenye kipimo. Tumeuziwa dawa feki?

---

Kipimo44

Yawezekana dawa ni nzima, mkuu. Madini ya chuma yanakula klorini. Kabla ya dawa, yape maji hewa: yadondokee juu ya trei zenye kokoto au matundu, kutu igande na kutuama, halafu yachujwe kwenye mchanga. Baada ya hapo ndipo uweke klorini, utaiona.

Kagua pia kichwa cha kisima: zege lisiwe na nyufa, maji ya mvua yasisimame hapo, choo kiwe mbali, angalau mita 30 na upande wa chini. Na mpime floridi na naitreti mara moja vizuri maabara, kwa sababu hizo klorini haizigusi, na kuchemsha hakuziondoi. Ukichemsha sana floridi inazidi, maji yanapungua yenyewe inabaki.

---

Mzee wa Kalinzi

Fundi, nimesoma ile habari ya chemba. Huku kwetu kuna chemba kama hiyo njia ya sokoni, na watoto wanachezea mfuniko. Leo nimekwenda na fimbo yangu nikaufunua. Kuna maji ndani. Namwambia mwenyekiti kesho. Habari ya dawa tutaendelea kuzungumza.

---

Fundi Mserereko

Nimefurahi kwa taarifa hiyo, mzee wangu! Asante sana. Mwambie mwenyekiti wakizibua tundu, wainue na kuta za chemba, mfuniko ukae juu ya usawa wa njia. Sisi tuliinua kwa tofali mbili, tukahamisha zizi, na siku hizi usiku sifungi tenki. Badala yake tulitafuta mivujo. Tulikuta bomba la kitongoji kimoja linamwaga chini ya mgomba mwaka mzima, na ndiyo lilikuwa linamaliza tenki. Mwenye mgomba alikuwa anasifiwa kwa ndizi kubwa.

Nimjibu na aliyeniandikia pembeni kuhusu mbuzi na ng'ombe kwenye chanzo, kama klorini si inaua yote. Haiui yote. Kuna vimelea vya kinyesi cha mifugo, Cryptosporidium, vinavumilia klorini ya kiwango chetu. Usiache uzio wa chanzo eti kwa sababu una pipa la dawa.

---

Nesi wa Pembezoni

Mimi ni muuguzi, si yule wa kwenye uzi, ila ningeweza kuwa yeye. Nimewahi kuomba daftari la maji nikalisoma juu ya kiti cha pikipiki vile vile. Sasa nikiona namba zinafanana wiki nzima nitauliza: nionyeshe vidonge vyako.

---

Fundi Mserereko

MREJESHO, baada ya siku tisa.

Yule kijana aliyenipigia simu nilimwambia aandike SIJAPIMA. Aliogopa. Akasema mwenyekiti wa chombo chao ni mkali. Nikamwambia akiulizwa anipigie simu, niongee na mwenyekiti mwenyewe.

Aliandika. Siku ya tatu mwenyekiti akaliona, akamwita, akamuuliza ni nini hiki. Kijana akamweleza. Mwenyekiti alikaa kimya, halafu akampa nauli ya kwenda mjini kununua vidonge, pesa ya mfukoni mwake.

Jana kanitumia picha ya ukurasa. Safu ya kilula cha mwisho inasomeka, kwa mwandiko wake: Sijapima. Sijapima. Sijapima. 0. 0.1. 0.1. 0.3. Pembeni ya ile sifuri ameandika kwa kalamu nyekundu: "nimemwambia nesi."

Huku kwetu mawingu yamefunga upande wa Burundi tangu mchana. Naenda kupanda mlimani kabla giza halijaingia, nikae karibu na valvu.